Themometa ya kijiti, ya bunduki na ya kioo: flu ilipoingia nyumbani, ipi ilifanya kazi

Wenye haraka nawapa jibu hapahapa. Nunua ya kijiti ya kidijitali, ile ya kubana kwapani inayolia pii pii, mi nimechukua kwa elfu saba duka la dawa la mtaani kwetu huku Tabata na ndiyo iliyobeba nyumba nzima kipindi flu imetupitia mmoja baada ya mwingine. Ya bunduki ya kupima kwenye paji ni nzuri ila ina masharti kama mganga. Ya kioo yenye zebaki kama bado unayo kabatini itafutie pa kwenda, sababu nitaisema. Sasa wenye muda kaeni tuongee, maana themometa yenyewe haikusaidii kitu kama hujui unatafuta nini na unapima saa ngapi na kwa nini, utaishia kusoma namba na kuogopa tu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mafua ya kawaida, haya ya pua kuchuruzika na chafya, yanakuja taratibu, leo koo linawasha, kesho pua imeziba, na mtu mzima mara nyingi joto wala halipandi, anaenda kazini na leso yake maisha yanaendelea. Ile flu yenyewe, influenza, haipigi hodi. Baba watoto katoka asubuhi mzima kabisa anagombana na redio, jioni kaingia hata viatu hajavua vizuri kajitupa kwenye kochi na nguo za kazini, kichwa, mgongo, mapaja, misuli yote inauma, kikohozi kikavu kile cha kukwaruza kifua, anatetemeka anataka blanketi na Dar hii joto lake mnalijua. Pua wala haikuwa na neno. Nikambana kijiti kwapani kikasoma 38.9. Mtu akiweza kukuambia ilimwanza saa ngapi, yaani anakumbuka kabisa alikuwa kwenye daladala au alikuwa mezani anakula, mi hapo nawaza flu kabla ya mafua.

Ila sasa, na hili nalisema mapema kabla mtu hajanirukia, sisi tunaishi kwenye nchi ya malaria. Joto, kichwa, viungo kuuma na kutetemeka ni dalili za flu na ni dalili za malaria pia, themometa haiwezi kukutofautishia hata iwe ya bei gani. Dengi nayo inafanana, na Dar tumeshaiona, 2014 na 2019 ilitupiga kweli, ile ya macho kuuma kwa nyuma na mwili kama umepigwa marungu. Kikohozi na koo vinakusogeza upande wa flu lakini havikupi uhakika, mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo homa ni kupima damu, kile kipimo cha haraka cha tone la kidoleni majibu ni dakika 15 hadi 20, sio kwenda dirishani kuomba mseto, dawa ya malaria, kwa kubahatisha, na mpaka ujue sio dengi kaa mbali na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, panadol inatosha kwa kuanzia. Baba watoto alipimwa hana malaria, daktari akamwangalia koo na kifua akasema ni hizi flu zinazozunguka, kapumzike unywe maji.

Na swali la kwanza la daktari ni lipi? Ilianza lini. Sio swali la salamu hilo. Kuna dawa za kupambana na kirusi chenyewe, oseltamivir ndiyo inayojulikana zaidi, na zinafanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya masaa 48 tangu dalili zianze. Mtu mzima mwenye afya yake kwa kawaida hatahitaji, atapona tu nyumbani, lakini mjamzito, mzee wa zaidi ya miaka 65, mtoto mdogo hasa chini ya miaka 2, mwenye pumu, kisukari, selimundu, moyo, au kinga yake imeshuka, huyo masaa 48 ni mali. Ukifika siku ya nne unasema "sijui, kama wiki hivi", umeshampunguzia daktari silaha. Ndiyo maana kwenye hii tathmini yangu nimeweka na kitu kisichouzwa duka la dawa, daftari. Daftari la shule la mkubwa lililobaki kurasa, nikachora mistari, saa, joto, amekunywa nini, amepewa dawa gani. Kijiti na daftari ni kitu kimoja kwangu, nisingekuwa na daftari kijiti ningekipa nyota mbili.

Haya kijiti chenyewe. Ukibonyeza kinawasha namba zote mara moja kujipima, halafu kinaonyesha Lo na alama ya digrii inawaka na kuzima, maana yake kipo tayari. Boksi limeandikwa sekunde 10. Uongo. Kwapani usitegemee chini ya dakika, na hata kikilia mi nakiacha kidogo tena, maana kinalia pale joto linapoacha kupanda haraka, sio lazima limefika mwisho. Kwapa likaushe jasho kwanza, ncha ile ya chuma iguse ngozi kabisa katikati ya kwapa sio ichungulie kwa nyuma ishike shati, kisha mkono ushushwe ubane. Ukimtoa mtoto kwenye kuoga au kwenye kubebwa mgongoni kwenye kanga subiri kwanza apoe, mgongo wa mama ni oveni ule. Kwa mdomoni, chini ya ulimi, ni kuanzia miaka minne mitano hivi mtoto anayeelewa asing'ate, na asiwe ametoka kunywa chai au maji ya baridi, msubirie nusu saa.

Tatizo ni kadogo kangu, bado hakajafika miaka miwili, kukabana kwapa ni mieleka. Njia iliyonifaa ni kumkalisha mapajani mgongo wake kifuani kwangu, mkono wangu unazunguka unabana mkono wake kama namkumbatia, simu mbele inaonyesha katuni, na sauti ya pii ikilia anashangilia eti themometa imeimba. Kuna wakati anapiga teke kijiti kinaangukia sakafuni, kimeanguka mara kibao na bado kipo, ningekuwa na ya kioo tungekuwa tunaongea mengine hapa.

Kwapani ikisoma 37.5 kwenda juu ndiyo wahudumu wetu wanahesabu homa kwa mtoto. Kwapa linasoma chini kidogo kuliko mdomoni au njia ya haja kubwa, kwa hiyo usije kulinganisha namba ya kwapa leo na ya mdomo kesho ukasema imepanda, chagua sehemu moja ubaki nayo. Mtoto wa chini ya miezi 3 akiwa na homa hakuna kuchora daftari wala kumsikilizia mpaka asubuhi, hospitali sasa hivi, hata kama anacheka.

Sasa watoto, hapa ndipo penyewe. Mtoto hawezi kukwambia misuli inauma. Wangu alikataa kushuka chini, kila ukimsimamisha analia anyanyuliwe, ukimgusa mapaja anasonya, kumbe ndiyo maumivu yenyewe ya mwili. Kakataa chakula, kakataa hata kuchukua simu, na hicho ndicho kilichonishtua kuliko 39.2 ya kijiti. Watoto pia flu inawapeleka kwenye kutapika na kuharisha zaidi kuliko wakubwa, ukiona hivyo usiseme moja kwa moja kala kitu kibaya, angalia kama na kikohozi kipo na nani mwingine nyumbani anaumwa, maana flu kutoka kuambukizwa hadi dalili ni siku 1 hadi 4, na mtu anaanza kuwaambukiza wenzake siku moja kabla hata hajajijua anaumwa. Baba watoto alitangulia, siku mbili mbele kadogo, halafu dada wa nyumbani. Mkubwa wa darasa la pili sijui alijificha wapi yeye hakuguswa.

Namba ya joto inadanganya upande mmoja na mwingine. Mtoto wa 39.5 anayekunywa maji, anakojoa, panadol ikifanya kazi anaomba kaka yake ampe gari, huyo simkimbilii kama wa 38 aliyelala tu kama nguo, anaangalia ukutani, hata sindano asingejali. Kwa hiyo nikipima namba napima na pumzi. Hili alinionyesha nesi kliniki na nawaomba wazazi wenzangu mjifunze maana halihitaji hela. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua na tumbo, weka simu ihesabu dakika moja nzima, hesabu tumbo linavyopanda, kupanda na kushuka ni moja. Chini ya miezi 2 ikifika 60 ni haraka mno, miezi 2 hadi kabla ya mwaka ni 50, mwaka 1 hadi 5 ni 40. Dakika nzima, sio sekunde 15 mara nne, maana watoto wanavuta mbio halafu wanapumzika. Na wakati unahesabu tazama sehemu ya chini ya mbavu, kama inabonyea ndani kila akivuta hewa, acha kuhesabu, beba kadi ya kliniki muondoke. Kadogo kangu kalikuwa 36, nikapumua na mimi.

Vingine vya kubeba mtoto bila kujadiliana ni hivi, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, midomo imebadilika rangi, pampasi kavu masaa 8, utosi umebonyea kwa mtoto mchanga, analia bila machozi. Na degedege. Degedege linawapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 joto likipanda, iwe flu iwe chochote, sio mdudu wala ndege wala jirani. Mlaze ubavu, toa vitu vya kumuumiza pembeni, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimwagie maji, angalia saa limechukua dakika ngapi, na likiisha ni hospitali, kwa sababu malaria kali nayo inakuja na degedege na huwezi kujua kwa macho.

Kwa wakubwa orodha ni fupi, pumzi kukatika ukiwa umekaa tu, kifua kuuma au kubana, kuchanganyikiwa maneno, kuzimia, kutokojoa, na ile ambayo watu wengi wanaipuuza, homa ilishuka ukaanza hata kutania watu, halafu siku moja mbili mbele inarudi na kikohozi kibaya zaidi. Hiyo inaweza kuwa nimonia imeingilia mlango wa nyuma. Flu ya kawaida homa ni siku 3 au 4, kikohozi na uchovu ndiyo vinaburuza hata wiki 2 na zaidi. Hapa daftari linalipa gharama zake, kwa kumbukumbu ya kichwa utasema "homa haijaisha tu" lakini ukiona mstari umeshuka 36.7, 36.5, 36.8 bila panadol halafu 38.8, hiyo ni habari nyingine kabisa na daktari ataisikiliza tofauti.

Sehemu ambayo kijiti kiliniangusha, na hili sio kosa lake, ni kwa mama mkwe. Alikuwa kwetu kutoka Njombe, miaka 70 na kitu, siku hiyo hataki uji, anasema amechoka tu, anataka kulala, akaniita jina la wifi yangu, nikasema mama labda uzee jamani. Kijiti 36.9. Nikapima tena, 37. Hamna homa. Ila kikohozi kimeanza na nyumba nzima ina flu, nikampigia mwanae tukampeleka jioni ileile. Daktari akasema wazee flu inaweza kuja bila joto kabisa, unaona udhaifu, kukataa kula, kuchanganyikiwa, sukari kuvurugika kwa wenye kisukari. Kwa hiyo kwa mzee usisubiri namba. Walimpa dawa kwa sababu tulikuwa tunajua imeanza asubuhi, na Mungu mkubwa yuko Njombe anapalilia.

Tuje kwenye bunduki. Niliagiza mtandaoni, muuzaji mmoja simtaji, kaniandikia "hii ndiyo ya hospitali kabisa dada yangu", imekuja maelekezo ni Kichina kitupu na boksi limebonyea. Umbo zuri, taa inageuka kijani, njano, nyekundu, watoto wanaipenda kuliko mimi. Shida yake inapima joto linalotoka kwenye ngozi ya paji, sio la ndani, kwa hiyo jasho, feni, kiyoyozi, jua la nje, mafuta ya mgando, kofia aliyotoka kuvua, vyote vinaingia kwenye hesabu. Kadogo kamelala chini ya feni bunduki inaniambia 36.2 kijani raha mustarehe, kijiti kwapani 38.4. Mnakumbuka 2020 mlangoni benki wanatupiga na bunduki kwenye viganja tunaambiwa 34, 35, foleni nzima tumepoa kama samaki wa Feri na mlinzi anasema pita.

Lakini niitendee haki. Ukizima feni, ukamfuta jasho, ukasogeza nywele, ukasubiri mtoto na mashine vikae chumba kimoja robo saa au nusu saa, ukashika umbali uleule, zile sentimita chache wanazosema kwenye maelekezo, ukapima mara tatu, inakaribiana na kijiti, na faida yake ni moja kubwa, usiku huamshi mtoto. Mi nilikuwa naitumia kama mlinzi wa getini, ikisema nyekundu nahakikisha na kijiti, ikisema kijani na mtoto haonekani sawa nahakikisha na kijiti pia, sasa jiulize hapo elfu 45 niliyoinunulia imefanya kazi gani. Angalia pia isije ikawa imewekwa kwenye kupima vitu badala ya mwili, kuna kitufe kinabadilisha, ikiwa huko namba inashuka sana na utadhani mtoto kaganda.

Zile karatasi za kubandika kwenye paji zinazobadilika rangi sitazipotezea muda, zinapima ngozi tu, okoa hela. Kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni tulichokinunua wakati wa korona bado ninacho, kinasaidia kwa mkubwa anayelalamika pumzi, ila kidole kisiwe cha baridi wala kucha isiwe na rangi, na kwa mtoto mdogo kibanio cha mkubwa hakikai.

Ya kioo sasa. Najua kuna watu wanaiapia, "hii haidanganyi", na kweli kwa usahihi haina ubaya, inataka uikung'ute mpaka zebaki ishuke chini ya 35, uiweke kwapani dakika 3 hadi 5, usome kwenye mwanga ukiizungusha mpaka uuone ule mstari. Kwa mtoto anayepigana mieleka hizo dakika 5 ni za nani? Halafu ikipasuka zebaki inatawanyika vidonge vidonge vinavyong'aa, watoto wanaviona vizuri wanavifukuza kwa vidole, na mvuke wake ni sumu. Ikitokea, toa watu chumbani, fungua madirisha, usifagie na fagio wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi, kusanya na karatasi ngumu na selotepu, tia kwenye kopo lenye mfuniko. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa nchi wanachama kutengeneza na kuuza nje na kuingiza themometa za zebaki, isipokuwa zilizoomba kuongezewa muda, kwa hiyo anayekuuzia leo huenda anamalizia mzigo wa zamani. Usiitupe kwenye taka za kuchoma, ulizia kituo cha afya wana utaratibu gani.

Kuhusu matibabu ya nyumbani nitasema machache tu yanayogusa kipimo. Panadol ya maji kwa mtoto inaenda kwa kilo, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya masaa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 ni miligramu 120 hadi 180, na kama chupa imeandikwa 120 kwenye mililita 5 basi ni mililita 5 hadi 7 na nusu. Soma chupa kila mara, kuna za 250 kwenye mililita 5, kijiko kilekile kinakuwa dozi mara mbili. Tumia bomba la sindano la kupimia au kijiko kilichokuja nayo, sio kijiko cha chai cha jikoni. Na andika saa uliyotoa, kwa sababu joto likishuka saa moja baada ya panadol hiyo ni panadol inaongea, sio ugonjwa umeondoka. Aspirini kwa watoto hapana kabisa, ikikutana na flu inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Asali na limau sawa kwa kikohozi, lakini sio kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, asali kwake ni hatari. Nyungu nayo, jamani watoto wanaungulia kwenye sufuria za kujifukiza, waacheni. Na amoksilini, antibiotiki ile, haiui kirusi cha flu, ukiinunua kwa ajili ya flu umenunua kuharisha, hiyo daktari aiandike akiona nimonia au sikio. Kumfunika mtoto blanketi tatu "atoe jasho" kunapandisha namba tu, kumwagia maji ya baridi au kumpaka spiriti kunamtetemesha, nguo nyepesi na maji ya kunywa kidogo kidogo basi.

Shule nayo inauliza atarudi lini. Kanuni yangu nimeichukua kliniki, masaa 24 bila homa na bila panadol, kijiti kinashuhudia. Mwalimu alinishukuru, maana kuna wazazi wanampa mtoto panadol saa 12 asubuhi anaenda shule mzima, saa 4 anarudishwa anawaka na darasa zima limeshagawiwa. Chanjo ya flu ipo, ni ya kila mwaka na inaanzia miezi 6, hospitali kadhaa za binafsi mjini wanayo, wanaokwenda Hija wengi wanaijua, mama mkwe tunampangia akirudi tena.

Ukienda kununua kijiti basi usilipe kabla hujakiwasha. Mwambie dada wa duka afungue boksi, kibonyeze, namba zote zitokee nzima bila mistari iliyokatika, jipime kwapani hapohapo dukani mara mbili, majibu yasiachane zaidi ya 0.1 au 0.2. Kikikuonyesha 98 usizimie, kimewekwa kwenye Farenihaiti, vingi ukishika kitufe sekunde chache kinarudi selisiasi. Angalia mfuniko wa betri unafunguka, betri yake ni kile kifungo kidogo LR41 na mafundi saa wanayo, wangu ilipokufa fundi saa wa pale stendi alinibadilishia nikiwa nimesimama. Kuna vingine mfuniko haufunguki, betri ikiisha unatupa, hivyo viache. Usafi, ncha ifute kwa spiriti au sabuni na maji, usikizamishe chote kama hakijaandikwa kinavumilia maji, na cha kwapa kibaki cha kwapa. Betri na watoto mbali mbali, wakimeza kile kifungo ni dharura.

Kijiti nyota nne na nusu, nusu nimekata kwa uongo wa sekunde 10 na kwa kioo chake kisicho na taa, usiku natafuta simu nimulike. Bunduki mbili na nusu. Ila sijaitupa, ile sehemu yake ya kupima vitu tumegundua inasoma vizuri juu ya uji na maji ya kuogea mtoto, kwa hiyo sasa hivi inakaa jikoni karibu na chupa ya chai na dada ndiye anayeitumia.